Nyuso za Benchi la Jumanne

Mtaani kwetu mtoto hakuwa na baba mpaka Bi Darubini aseme. Cheti cha kuzaliwa ni karatasi ya serikali, na serikali haijawahi kuvua viatu, ikaingia chumba cha mzazi na kumfunua mtoto shuka. Bi Darubini aliingia. Alinawa mikono, akamgeuza mtoto kwenye mwanga wa dirisha, akamtazama kama mtu anayekagua nyama buchani. Kisha hukumu: "Pua ya babu yake. Masikio ya shangazi yake, Mungu amsaidie." Watu wote chumbani wakapumua, hasa wanaume.

Jicho hilo alilipata kazini. Ujana wake wote alikata picha za pasi katika studio moja karibu na stendi: wembe, rula, na sura ya mtu mmoja mara nne kwenye karatasi moja. Alisema ukishakata watu shingoni kila siku, huwezi tena kuwasahau. Hatukumuuliza zaidi.

Sababu ya pili hakuisema. Alipojifungua mwanawe wa pekee, mama mkwe wake alikitazama kile kichanga, akasema, "Huyu naye katokea wapi?" Tangu siku hiyo Bi Darubini aliishi kumjibu. Alitundika picha ya mumewe sebuleni, na kila mgeni akalazimishwa kulinganisha. Ona paji. Ona kidevu. Wageni walikuwa wanasubiri chai, kwa hiyo waliona. Mama mkwe akafa, mume akafa, picha ikabaki ukutani. Mwana akakua, akawa fundi wa kuchomelea vyuma, kijana mpole mwenye vidole virefu vyembamba na sauti ya kutokea puani. Mama yake naye alizungumza kwa pua. Sisi tuliita mafua ya ukoo, tukacheka, tukaenda zetu.

Basi mwana akaoa, na mke akajifungua msichana.

Bi Darubini alinawa mikono, akafunua shuka. Alimgeuza mtoto kwenye mwanga, akamgeuza tena, hadi wanawake waliokuwa chumbani wakaanza kutazamana. Mtoto alikuwa na macho yenye kope nzito, kama mtu aliyeamshwa kwa habari mbaya. Masikio madogo, yamekunjika juu. Kinywa kidogo mno. Na alipoanza kulia, midomo yake ikageuka rangi, si nyekundu, bali ile ya zambarau iliyochacha, kana kwamba kuna mtu asiyeonekana anamminya koo taratibu.

"Simjui huyu," Bi Darubini alisema, akamfunika.

Maneno mawili tu, lakini kwa kinywa kile yalikuwa talaka. Fundi alianza kulala karakana, eti kuna kazi nyingi za mageti. Mtaa mzima ulijua hakuna geti.

Mkwe, ambaye alikuwa mshonaji wa mashuka ya hoteli na hakuwa na muda wa kufa kwa aibu, alimbeba mtoto akampeleka hospitali kuu. Daktari wa moyo, mwanamama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, alisikiliza kifua, akampima kwenye mashine, akamwambia mama yake kuwa ukuta kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo una tundu, na mlango wa damu kwenda mapafuni umebana. Damu ambayo haijapata hewa inavuka tundu na kwenda mwilini. Ndiyo maana ya ile rangi. Atafanyiwa upasuaji. Kisha daktari akachukua damu ya mtoto na ya mama kwa kipimo kingine, akasema baba naye aje.

Baba hakuja. "Damu yangu itatafuta nini kwenye mtoto wa watu?" alimwambia mkewe kupitia dirisha la karakana. Akaongeza kwamba upasuaji ukiisha, wakitoka hospitali, mke na mtoto waende moja kwa moja kwao mke, kwa mama yake mzazi. Nyumba yake wasiikanyage.

"Umesema wewe au kasema mama?"

"Mama anaona."

"Na wewe macho yako ya nini? Ya kuchomelea?"

Fundi alishusha ile barakoa ya chuma yenye kioo cheusi na kuwasha cheche.

Jumanne ya majibu, Bi Darubini alivaa gauni la misiba akasema anamsindikiza mkwe wake. Mkwe alishangaa, ila hakukataa msaada wa kubeba mfuko wa nepi. Hakujua kwamba mwenzake alikuwa anakwenda kuwinda. Bi Darubini alikwisha kuamua: mtoto wa kike hajitengenezi mwenyewe, mahali fulani mjini kuna mwanamume mwenye macho mazito na masikio ya kukunjika, na yeye atamtambua hata kwa nyuma.

Kliniki ya moyo ilikuwa mwisho wa ukumbi mrefu uliopakwa rangi ya kijani hadi usawa wa kifua, taa moja ikiwaka na kuzima kwa kusitasita. Benchi lilikuwa limejaa akina mama na watoto. Bi Darubini aliketi, akarekebisha miwani, akaanza kazi.

Mtoto wa kwanza alikuwa wa kawaida. Wa pili pia. Wa tatu, mvulana wa kama miaka mitano, aliinua kichwa, na Bi Darubini akaacha kuhesabu. Macho mazito. Kinywa kidogo. Masikio yale. Alihamisha macho haraka, na mwisho wa benchi, kwenye mapaja ya mwanamke mwingine kabisa, akaiona sura ileile imevaa kofia ya sufu. Akageuka. Mlangoni kwa daktari, sura ileile ilikuwa imesimama ikinyonya kidole, kidole kirefu, chembamba. Ilikuwa kama karatasi ya picha za pasi kabla ya kukatwa, sura moja mara nne. Tofauti ni kwamba hizi zilikuwa zinapumua, na mama zao hawakujuana.

"Mwanamume mmoja," alinong'ona. "Shetani huyu anazunguka mji mzima."

"Nani, mama?" mkwe akauliza.

"Kaa kimya, nafikiri."

Akaanza kukagua wanaume. Mlinzi wa mlangoni: pua pana, hapana. Kijana wa kusukuma machela: masikio makubwa kama milango ya kabati, hapana. Alimkazia macho mhudumu wa dirisha la dawa mpaka yule bwana akajipapasa kuona kama suruali imefungwa.

Ndipo yule mvulana alipoteremka benchini. Alivuka ukumbi polepole, akaja mpaka magotini kwa Bi Darubini, akaegemea hapo kwa utulivu wa mtu aliyefika nyumbani. Akasema, kwa sauti iliyopita puani yote, "Bibi, twende."

Mama yake alikuja mbio. "Samahani, mama yangu. Huwa haendi kwa watu. Lakini hata mimi ulipoingia nilishtuka. Nilidhani ni ndugu wa kwetu."

"Mimi sina ndugu kwenu," Bi Darubini alisema. Akasikia maneno yake yanavyotoka, kwa pua, na mvulana akitikisa kichwa kama aliyekubaliana.

Walipoitwa, chumba cha kipimo kilikuwa giza, mapazia yamefungwa ili skrini ionekane. Daktari alimpaka mtoto jeli kifuani, akaweka kile kifaa, na kwenye kioo kukatokea kitu cha kijivu kinachofumba na kufumbua, kinachofumba na kufumbua, kama kinywa cha samaki anayejaribu kueleza jambo. Kisha daktari akazima mashine. Skrini ikawa nyeusi, na katika weusi ule Bi Darubini aliona sura mbili zimeinamiana, moja kuukuu, moja mpya. Alidhani ni ya mtoto na ya yule mvulana wa ukumbini. Akageuka kumfukuza. Hakukuwa na mvulana.

Daktari aliwasha taa akaeleza majibu. Katika kila chembe ya mwili wa mtoto, kromosomu moja kati ya zile mbili za namba ishirini na mbili imepungukiwa na kipande kidogo. Kipande hicho kikikosekana, moyo unaweza kujengwa vibaya, kaakaa likalegea, madini ya chokaa yakapungua kwenye damu. Na mara nyingi sura hufanana, watoto wa watu wasiojuana wakaonekana ndugu. "Lakini mimi sipimi kwa sura," alisema. "Sura inanipa wazo. Shahidi ni damu. Mama hana upungufu huo. Mara nyingi huanzia kwa mtoto mwenyewe, bila kosa la mtu. Au ameurithi kwa baba."

"Huyo baba ndiye tunayemtafuta," alisema Bi Darubini.

Daktari alivua miwani, akaivaa tena. Alimtazama kwa namna ambayo Bi Darubini aliijua vizuri sana, maana ilikuwa yake. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa upande wa pili wa shuka.

"Bibi, niruhusu nione mikono yako. Na hilo sikio. Ulipokuwa mdogo, maji yalikuwa yanakutoka puani ukinywa?"

"Nani kakwambia?"

"Naomba na damu yako kidogo."

Wiki zile za kusubiri, Bi Darubini hakwenda kwa mzazi yeyote, na alipoitwa alisema anaumwa macho. Aligeuza kioo cha chumbani kikatazama ukuta. Usiku uleule alirudi akakigeuza tena, kwa sababu kilichomtisha zaidi ni kuwazia sura inayoangalia ukuta.

Majibu yalikuja, daktari akamwita peke yake. "Kile kisichokuwepo kwake hakipo kwako pia, mahali palepale. Kutoka kwako hadi kwa mtoto huyu kuna njia ya mtu mmoja tu."

Kwa hiyo mtoto alikuwa amerithi kwa baba yake kitu ambacho baba yake hakuwa nacho, na baba naye alikipata, au alikikosa, kwa mama yake. Ni urithi wa ajabu. Hakuna ndugu anayeugombea.

Bi Darubini angeweza kunyamaza. Majibu yalikuwa yake, mwana haamini daktari, mkwe alikwisha kufunga nguo za kwenda kwao. Alichukua njia ndefu kwenda karakana, na akafika hata hivyo.

"Vua hicho kichuma," alimwambia mwanawe.

Fundi akainua barakoa. Mama alimtazama, bila picha ya ukutani katikati, labda kwa mara ya kwanza. Macho mazito. Kinywa kidogo. Alikuwa amekaa na sura hii mezani miaka yote akiitangazia kidevu cha mtu mwingine.

"Hukufanana na baba yako hata siku moja," alisema.

Fundi alikaa juu ya mtungi wa gesi. "Mama. Sasa mimi baba yangu nani?"

"Baba yako ni baba yako, mjinga wewe. Sura ndiyo yangu. Niliogopa kuisema, nikaisahau. Yule mtoto ni wako mpaka mifupani. Na moyo ule mbovu umepitia kwangu."

Fundi alitazama mikono yake, vile vidole virefu, kama vya kuazima. Kisha akazima mashine na kufunga karakana mchana kweupe.

Wodini, ambako mtoto alikuwa amelazwa kusubiri upasuaji wa kesho yake, mkwe alikuwa ameketi kando ya kitanda, mtoto amelala. Hakunyanyuka.

"Umekuja kumwona au kumlinganisha?"

"Nimekuja kutoa damu," fundi alisema. "Na nyumba… mkitoka hapa, mje nyumbani."

"Hilo nitalifikiria nikishamaliza kuogopa kesho. Kaa hapo. Mshike kichwa, huwa kinaanguka."

Alikaa, akamshika kichwa. Bi Darubini alibaki mlangoni, nusu ndani nusu nje, mfuko wa nepi mkononi. Mkwe alimwacha asimame kiasi cha kutosha.

"Ingia, mama. Ila leo usimtazame usoni."

Bi Darubini aliingia, akaenda mwisho wa kitanda, akainamisha macho. Aliinua shuka upande wa chini, akaushika mguu wa mtoto. Ulikuwa wa baridi. Akaufunika kwa viganja viwili, akaanza kuupasha joto.