Nilivyowapeleka Akina Mama wa Molo kwa Papa

Zamani wageni wa kutazama papa shilingi, samaki mkubwa kama lori, walikuwa wazungu. Mimi niliyeachia shule darasa la sita ndiye niliyeanza kupeleka baharini watu wa Molo, kule bara kwa wakulima wa viazi. Kundi la kwanza lilikuwa akina mama wa kanisa. Mwenyekiti wao alinionya wasipomwona papa, Molo nzima itajua mimi ni mwongo.

Ndani ya boti wakafunga macho waombe kwanza. Waliombea serikali, wakafika kwa viazi. Papa akaibuka, akapita kando yetu polepole, akazama. Ningekatizaje maombi?

"Amina. Boss, samaki ako wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Amepita, mathe."

"Nani amemwona?"

"Mimi."

"Kumbe hukuwa unaomba."

Sasa Molo inajua mimi si mwongo, ni mpagani. Na bado wanasafiri na mimi.