Sufuria Zisizorudi Tupu

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema. Mtu akinichekea sana, nakumbatia mkoba. Kwa hiyo kanisa letu la Mount Dennis, huku ughaibuni, lilipoamua kupeleka chakula kila Jumamosi kwenye ukumbi walikolala watu wasio na makao wakati wa baridi, nilikubali kupika, lakini nilijiuliza mama mchungaji ana nini na zile picha. Kila tukifika anatupanga na sufuria zetu, anapiga, anatuma kwenye kundi la WhatsApp la kanisa kabla wali haujapoa. Halafu nyimbo. Halafu maombi, na maombi yake hayajui saa.

Tulikuwa watatu: yeye, mimi, na mama mmoja Mkongomani anayepika maharagwe ya kufa mtu. Kila wiki tuliacha sufuria pale na kuchukua zile za wiki iliyopita, zimeshaoshwa.

Jumamosi moja nilifunua yangu nyumbani nikakuta machungwa mawili. Nikadhani mtu kasahau. Wiki iliyofuata, vipakiti vya chai vilivyofungwa kwa uzi. Kisha kitunguu kimoja, kimeviringishwa vizuri kwenye karatasi ya kupangusia mikono.

Nikampigia mwenzangu Mkongomani.

"Mama, tupa ile kitu," akasema. "Haujue ni mkono ya nani iliiweka. Watu ni wabaya."

Sikukitupa, wala sikukipika. Kilikaa dirishani nikikitazama kwa jicho la pembeni. Kilichonisumbua si uchawi. Wazungu niliowahi kuwapelekea chakula hurudisha chombo kinang'aa, kitupu, na asante nyingi. Kutorudisha chombo kitupu ni adabu ya kwetu. Mama yangu asingekubali bakuli la jirani lirudi bila hata kiganja cha unga. Basi mle ukumbini mlikuwa na mtu wetu. Na kila Jumamosi nilipakua chakula nikikagua kila uso, nisione hata mmoja ninayemfahamu. Sasa anajificha nini?

Nikamuuliza mwanamke anayesimamia ukumbi.

"Kuna mmoja hataki mtu mwingine aoshe sufuria zenu," akaniambia. "Jina lake siwezi kukupa."

"Nionyeshe tu."

"Hayupo. Akiona gari lenu anatoka, anasimama nje mpaka muondoke. Nimemwambia atakufa na baridi. Hasikii."

Nyuma yangu mama mchungaji alikuwa anaanza wimbo wa tatu, na huko nje baridi ilikuwa ile ya kuuma masikio mpaka yanawaka.

Nikatoka. Ng'ambo ya barabara, kwenye kituo cha basi, alisimama mtu amenipa mgongo. Basi likaja, likafungua mlango, likaufunga, likaenda zake. Mtu yuko palepale. Alivaa koti la kijani lenye manyoya kwenye kofia, na koti lile nalijua, kwa sababu nililichagua mimi. Tulimnunulia mwalimu wetu wa kwaya alipotuaga. Kiwanda kilikuwa kimempunguza kazini, akasema anahamia mji wa Pickering kwa binamu yake. Nilichukua kubwa makusudi ili avae sweta mbili ndani.

Toka mwanzo ile Pickering niliitilia shaka. Hakutuita kubariki nyumba. Tukipiga simu, nyumba bado inapangwa, binamu bado yuko safarini. Nilidhani ametuona washamba, na nikamkasirikia.

Nilikuwa nimeshatia mguu barabarani nikasimama. Nikimwita ataota moto siku hiyo, na kesho atauhama hata ukumbi ule ili asionekane tena. Namjua. Mtu aliyekuwa akitunyooshea kidole kwa kuimba vibaya hatakubali nimkute anapanga foleni ya wali wangu. Funika kombe mwanaharamu apite. Nikarudi ndani, nikampita mama Mkongomani akichungulia dirishani.

"Mama mchungaji," nikasema, "kuanzia wiki ijayo tuweke chakula mlangoni, tupige kengele, twende."

"Bila maombi? Bila picha? Na ushuhuda je?"

"Tutaomba ndani ya gari."

Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe unaficha kitu."

"Naficha."

"Mficha uchi hazai, dada."

"Uchi si wangu," nikamjibu. Aliona nimekasirika, akaacha, ingawa hakufurahi, na Jumapili nzima hakunisalimia.

Kile kitunguu cha dirishani nilikikatia mboga ya sukuma jioni ya Jumamosi ileile.

Baada ya ibada ya Jumapili hiyo mama Mkongomani alinishika mkono pale tunapovulia viatu vya theluji. "Na mwalimu wetu wa kwaya? Kule Pickering anaendelea muzuri?"

"Anakula," nikasema.

Akaendelea kunishika mkono, akinitazama. Akauachilia, akainama kuvaa viatu vyake.

Jumamosi akaja na sufuria kubwa kuliko ile ya siku zote. Aliitua mlangoni, akabonyeza kengele, akarudi garini karibu anakimbia, na umri wake ule. Hakugeuza shingo upande wa kituo cha basi. Mimi pia sikugeuza. Mama mchungaji, kwenye kiti cha mbele, alikuwa ameshafumba macho na kufungua kinywa aanze kuomba.

"Tutaombea njiani," mama Mkongomani akamwambia. "Twende, twende mbio. Kuko baridi sana huko inje."