Koti Lililonikaa Vizuri

Tata, baba yangu, alichimba shaba kwa miaka mingi, na mgongo wake ulipinda. Nyumbani kwetu Kolwezi hapakuwa na maelezo mengine: mgodi ndio uliompinda. Kwa sababu hiyo alinisomesha hadi chuo, akanikataza kushuka shimoni hata siku moja, hata vijana wa mtaa wetu walipokuwa wakirudi na magunia ya kobalti. Alipofariki, kila aliyesema kwamba ninafanana naye alijibiwa na mama: "Hapana. Ule, mugodi ilimukula. Huyu mugongo yake iko sawa musumari."

Mwaka huu daktari wa hospitali ya Manika aliinua picha ya mgongo wangu kwenye mwanga wa dirisha. Uti uliiacha njia yake karibu na mbavu, ukairudia kiunoni. Alisema ulianza kupinda nilipokuwa nikibalehe, na bado unaendelea. Kisha akauliza kama kuna mwingine katika familia.

"Tata," nilijibu. "Lakini yake ni ya mgodi."

"Labda," alisema, akairudisha picha ndani ya bahasha.

Niliamua mama asijue. Kwake, mgongo wangu ulionyooka ndio tunda pekee lililobaki la jasho la tata, na sikutaka kumnyang'anya.

Ikafika siku ya mahari ya dada yangu. Mimi, mtoto wa kwanza, nilipaswa kukaa kwenye kiti cha tata mbele ya wakwe, nimevaa koti lake. Ndani ya bega la kushoto mama alikuwa ameshona kipande cha blanketi, ili mabega ya marehemu yalingane. Nilidhani kingenisumbua. Koti halikunibana popote. Lilinipokea kana kwamba lilikuwa likinisubiri.

"Yaya, simama muzuri!" dada alicheka mlangoni, akiniita kwa heshima ya mkubwa wake. "Batasema unatafuta franka yenye ilianguka."

Alipoondoka, nikasikia sauti nyuma yangu, ileile iliyompokea tata kila jioni aliporudi kutoka kazini.

"Umerudia?"

Niligeuka. Mama alikuwa ameshika fremu ya mlango. Alinijia, akapitisha kiganja chini ya kola, akashuka nacho taratibu. Kiganja hakikutafuta; kilijua pa kukunja.

"Tangia siku gani?"

"Ni kiti cha ofisi, mama, kinachosha..."

"Usinidanganye. Inakuuma?"

"Inaniuma."

Alikinyoosha kile kipande cha blanketi begani mwangu.

"Siku ya ndoa yetu nilikuwa nimeshaona mugongo ya tata yako imepinda," alisema. "Hakukuwa hata amefika ku mugodi. Nilisemaka ni mugodi, sababu mugodi tulikuwa tunaweza kukukataza."

Vigelegele vilisikika langoni. Nilitoka, nikakaa kwenye kiti cha tata. Mzee mmoja wa upande wa wakwe alinitazama kwa muda mrefu, akasema ninafanana mno na marehemu.

Nilimsubiri mama ajibu. Aliinamia sahani, akaendelea kupakua.