Danford na Injini ya Haisi

Danford wa Chapwa, hapa Tunduma, ni mtu wa mdomo tu, kichwani hamna kitu. Alikuwa na Datsun ya zamani ya spoti, milango miwili, aliyoachiwa na mjomba wake wa Kitwe. Nyumba yake ilikuwa imefika kwenye lenta, na mkewe Nesta alikuwa anasubiri gari liuzwe wapate bati.

Injini ikaanza kutoa moshi. Jamaa badala ya kuitengeneza akawauzia wachimbaji wa Mkwajuni, wakaifunga kwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu. Yeye akapachika injini ya Haisi, na kwa sababu ilizidi urefu, akakata boneti. Eti Fuso ukiitia injini nyingine inapanda bei, basi na hii itapanda.

Akaja Mzambia, Bwana Mwansa, anayekusanya magari ya zamani. Akalinganisha namba ya injini na ile ya kwenye kibati cha gari, zikakataana.

"Iwe, wewe, injini yake iko wapi?"

"Hii ndiyo nzima, bosi. Ile ilikuwa imechoka."

"Mimi nilifuata hiyo iliyochoka, iliyotoka nayo kiwandani. Hili nitalipa bei ya bodi tu."

Hata bei ya bodi ingetoa bati. Lakini Danford akamwita mwenzake mwizi, akamfukuza.

Nesta akafunga mizigo. "Haya, baba Erica, lala humo kwenye Haisi yako. Sisi tunaenda kwa kaka, Ruanda ya huku kwetu."

Mpaka leo analala humo, anasubiri mteja mjinga kuliko yeye. Tunduma nzima hayupo.