Mechi ya Saa Kumi Jioni

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa ulimi wa kuuliza, na akatupa umri wa kuyaona makosa yetu tungali na nguvu ya kuyasema. Namshukuru kwa asubuhi hii hapa Edmonton, kaskazini mwa London, kwa magoti ambayo bado yanakubali kwenda sijida, na kwa wajukuu wanaonipigia kelele sebuleni.

Wajukuu hao ndio walionifanya nishike kalamu. Idrisa alisoma mwaka mmoja Marekani, akarudi na mapenzi ya timu ya chuo chake. Ni ule mpira wao wa kudaka kwa mikono na kugongana vifua. Msimu haujaanza, lakini yeye na dada yake Nasra wanabishana kila siku juu ya mechi za nje ya ligi, zile ambazo chuo hujitafutia chenyewe. Wachukue mpinzani mzito au mwepesi? Nasra anasema kupanga na vibonde ni aibu. Idrisa anasema chuo chochote kikubwa kinachokubali kucheza nao lazima kina lake moyoni.

"Hawawezi kukubali bure, Babu," aliniambia juzi kwa Kiingereza chake. "Wana jambo."

Niliposikia maneno hayo niliweka kikombe chini. Nilikuwa na umri wake huyu nilipoyasema mimi, na nikamkosesha rafiki yangu kitu ambacho sikuweza tena kumrudishia.

Nakumbuka siku moja ya Jumapili, mwanangu, tumekaa mashabiki kumi na wawili kwenye mgahawa mmoja wa Kilburn, ghorofani, juu ya duka la mazulia. Tulikuwa wanafunzi wa chuo kidogo, na timu yetu ya kandanda ilikuwa karibu yote ya vijana wa Unguja, Pemba na Kenya. Chuo kilikuwa na mwalimu mmoja tu wa michezo, naye alikuwa na kazi nyingine tatu. Kwa hiyo mechi za nje ya ligi alituachia sisi mashabiki tuzitafute. Mimi ndiye niliyekuwa katibu. Nilikuwa na daftari la ratiba, na nilikuwa na maneno mengi kuliko mchezaji yeyote. Mpira wenyewe sikuujua kuucheza.

Mwaka ule tulikuwa hatujafungwa. Kila mwisho wa msimu, kamati ya vyuo ilialika timu chache kwenye mashindano ya kombe, na kabla ya kualika iliangalia mechi zote, za ligi na za nje, hata zile zilizokataliwa. Ilibaki Jumamosi moja tu wazi kwenye daftari langu. Tukishinda mechi ya siku hiyo, au hata tukitoka sare na timu ya maana, mwaliko ungekuja. Na aliyeutaka kuliko sote alikuwa nahodha wetu, Hamad, mtoto wa Wete kama mimi, ambaye ulikuwa mwaka wake wa mwisho chuoni. Hamad hakuwa msemaji. Lakini aliniambia mara moja, tukiwa ndani ya basi, "Sudi, nataka nicheze kombe mara moja tu. Baada ya hapo hata nikifungia viatu kabatini, sawa."

Basi siku hiyo Kilburn tulikuwa na wapinzani wawili wa kuchagua. Wa kwanza kilikuwa chuo kimoja dhaifu ambacho kila mtu alikifunga. Wa pili kilikuwa chuo kikubwa upande wa Neasden, timu kali kweli. Katibu wao aliitwa Kirit, kijana wa Kihindi ambaye wazee wake walitoka Mombasa, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kunishinda.

"Tuchukue Neasden," alisema Otieno, Mjaluo wetu, ambaye hakuwahi kusema neno bila kucheka. "Tukifungwa, tumefungwa na wanaume. Hao wengine hata mimi na tumbo hili nitawafunga mawili."

"Na tukifungwa, mwaliko utaletwa na tumbo lako?" nikamuuliza.

"Yakhe, wewe katibu waogopa kuliko golikipa!"

Walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilikuwa na jambo moyoni. Nilikuwa nimezungumza na Kirit kwenye simu mara mbili, na kila nilipoyatafakari maneno yake nilizidi kuona giza.

Nifuate hapa, mwanangu, uone jinsi dhana inavyojenga nyumba yake. Jumamosi ile ilikuwa ndani ya mwezi wa Ramadhani. Wachezaji wetu wanane walikuwa wamefunga. Mechi zetu zote za Jumamosi zilianza saa tano asubuhi, lakini Kirit alitaka saa kumi jioni. Kwa nini? Nilimuuliza, akacheka tu, akasema, "Saa kumi ni nzuri kwenu, Sudi, niamini." Kisha akaniuliza tutakuja wangapi. Nikamwambia kumi na mmoja na wa akiba. Akasema la, na mashabiki pia, niambie hesabu kamili. Nyuma yake nikasikia sauti ya mwanamke ikiuliza, "Wangapi?" Mwisho akauliza kama tutabaki baada ya mechi au tutakimbilia basi.

Niliyapanga hayo mbele ya wenzangu pale Kilburn, moja baada ya jingine, kama wakili. Saa kumi jioni mfungaji amekauka, hana maji mwilini tangu alfajiri. Wao watakunywa wakati wa mapumziko, sisi tutawatazama. Hesabu ya mashabiki wanaitaka ili walete wao mara tatu, watuzomee. Na baada ya mechi wanataka tubaki kwa nini, kama si kutucheka? Na yule mwanamke anayehesabu ni nani?

Hata Otieno aliacha kucheka. Nakiri kwamba nilifurahi. Kumfanya mtu mwingine ashuku kuna utamu wake, nawe unajiona mwerevu.

Ni Hamad peke yake aliyesema kitu. "Mimi nilicheza na Kirit msimu uliopita. Niliteguka mguu, akanibeba yeye hadi nje. Muulize, Sudi. Mpigie, muulize kwa nini saa kumi."

"Akiwa na hila atanambia?"

"Na akiwa hana?"

Nikawageukia wengine. Tulipiga kura kwa mikono, na mikono mingi ilinifuata mimi. Hamad hakunyoosha mkono upande wowote, alivaa koti lake akashuka ngazi.

Jumatatu nilimpigia Kirit. Ningeweza kusema tu kwamba tumepata mechi nyingine, samahani. Sikufanya hivyo. Nilimwambia, "Tumeijua hila yenu. Mmetaka kutuvizia na saumu zetu. Tafuteni wengine wa kuwachezea." Akasema taratibu, "Haya, Sudi. Mungu awatakabalie saumu zenu," akaiweka simu. Hata dua hiyo niliishuku. Niliiona kejeli.

Tulicheza na wale dhaifu saa tano asubuhi, tukawafunga tisa bila. Hamad alifunga manne, na hakusherehekea hata moja. Ilipofika adhuhuri vijana wetu walikuwa wamelala chini kwenye chumba cha kubadilishia nguo, midomo imekauka, na maghrib ilikuwa mbali bado. Golikipa wetu aliugua kichwa mpaka jioni, na wawili walilazimika kufungua. Niliwaona kwa macho yangu, mwanangu, nami mwenyewe nimefunga, na bado sikujiuliza kitu.

Wiki mbili baadaye barua ya kamati ilikuja. Maneno yake yalikuwa machache na ya adabu. Walisema timu yetu ni nzuri, lakini ilipopata nafasi ya kupimwa iliikwepa, na mabao tisa dhidi ya timu ile hayawaambii lolote. Nafasi walipewa wengine. Nilimpelekea Hamad barua ile mkononi. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja vizuri kama alivyoikuta, akanirudishia. Heri angenitukana.

Sikukuu ilikuwa imepita siku chache nilipokwenda Neasden kwa shughuli nyingine kabisa. Mama yangu, ambaye nilikuwa nikiishi naye London, alinituma bizari na unga wa dengu, na duka zuri la vitu hivyo lilikuwa huko. Nyuma ya meza alikaa mama mmoja wa makamo, sari ya buluu na sweta zito juu yake. Alipomsikia kijana mmoja wa chuoni kwetu, aliyekuwa kwenye foleni, akiniita kwa jina, aliinua macho.

"Sudi? Sudi wa mpira?"

Nikasema ndiye mimi.

"Mimi mamake Kirit." Akanitazama juu mpaka chini, bila hasira. "Mbona hamukuja, mwanangu? Nilikuwa niwapikie futari."

Nilisimama na ule unga mkononi nisijue niuweke wapi.

Akanieleza, huku akiwahudumia wateja wengine katikati ya maneno, jambo lililonifanya nione aibu zaidi. Alizaliwa Mombasa. Nyumba ya kushoto ilikuwa ya Waislamu, na nyumba ya kulia pia. Kila Ramadhani sahani zilikwenda na kurudi, wala haikurudi hata moja tupu. Alipofika London hakuwa na jirani wa kumpelekea. Mwanawe alipomwambia kwamba anataka kucheza na vijana wa Pemba katikati ya mwezi, alisema mechi iwe saa kumi. "Mukicheza asubuhi, mutashinda na kiu kutwa nzima. Mukicheza jioni, filimbi ikilia, jua linakwenda, munakunywa maji papo hapo. Wafungaji wote wa mtaa wetu walicheza mpira saa hizo. Nyinyi hamujui?"

Nilijua, mwanangu. Hata Wete tulicheza saa hizo hizo, tukisubiri adhana. Mimi niliyefunga nililisahau jambo ambalo mama wa Kihindu alilikumbuka kwa niaba yangu, kwa sababu nilikuwa nimekazana kutafuta ubaya.

"Nilinunua sufuria mpya," aliendelea, "ambazo hazijaingia kitu, musije mukatia shaka. Hakuna nyama. Kunde za nazi, bhajia, viazi vya rojo, uji wa mtama, tende. Ndio maana nikamwambia aulize wangapi. Nikamkataza asiwaambie. Futari huletwa, haitangazwi."

"Mama," nikasema, "mimi ndiye niliyekataa. Nilimtukana Kirit kwenye simu."

"Aliniambia." Alifunga bizari yangu kwenye karatasi. "Nilikasirika siku mbili. Kisha nikasema, huyu mtoto ameishi nchi ya watu, pengine amefanyiwa mabaya mengi mpaka hawezi kuujua wema ukija. Lakini nawe, baba, ungeuliza. Kuuliza kungekugharimu nini?"

Nililipa nikatoka, na swali lake nalibeba mpaka leo.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa Hamad, nikamweleza yote bila kujipunguzia. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ulishuku wewe, Sudi, nikakosa kombe mimi." Kisha akachukua koti lake, akaongeza, "Twende tukamwombe radhi yule mama. Mimi nitakuja nawe." Hebu fikiria, aliyekoseshwa ndiye aliyenishika mkono.

Ramadhani iliyofuata niliomba mechi na Neasden, saa kumi jioni, na nikataja hesabu yetu kamili bila kuulizwa. Tulifungwa matatu kwa moja. Hamad hakucheza, alikuwa ameshamaliza chuo na anafanya kazi ghalani, lakini alikuja akasimama kwenye mstari na koti lake la kazi. Filimbi ya mwisho ililia jua likigusa paa za nyumba, na mamake Kirit akafunua sufuria zile zile. Hamad aliokota tende mbili kwenye sinia, akanipa moja. Sikumrudishia kombe lake, na yeye hakunidai. Tumekuwa marafiki mpaka leo, na kila nikimtazama akipanda ngazi kwa taabu namkumbuka alivyokuwa akikimbia.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, na nitaisema wazi. Sikwambii umwamini kila mtu. Nimeishi mji huu miaka mingi, nimedanganywa na wenye nyumba, na hata leo barua ikija naisoma mara mbili kabla sijatia saini. Tahadhari si dhambi. Lakini Mola wetu ametuonya juu ya dhana, na mimi nimeelewa kwa nini. Dhana haikosi ushahidi kamwe. Saa, hesabu, kicheko, sauti ya mwanamke, vyote vilikuwa kweli, nami sikuzua hata kimoja. Nilivisoma tu kwa moyo mchafu. Kwa hiyo ukiona jambo hulielewi, uliza kwanza, umuulize mwenyewe, na umuulize kwa adabu, kabla hujawakusanya watu na kuwagawia shaka yako. Na ukiwa wewe ndiye mwenye daftari la ratiba, kumbuka kwamba anayelipa makosa yako mara nyingi ni mwenzako aliyekuamini, yule ambaye kwake ule ulikuwa mwaka wa mwisho.

Juzi, baada ya kumsimulia Idrisa haya, aliitazama simu yake. Kisha akaniuliza, kwa Kiswahili safari hii, "Babu, uji wa mtama ulikuwa mtamu?"

Ulikuwa mtamu, mjukuu wangu. Lakini ule wa kwanza, ambao sikuunywa, ndio ninaoukumbuka zaidi.

Nawe unayesoma, Mwenyezi Mungu akusafishie moyo wako kama zilivyokuwa safi sufuria zile, akupe majirani wa kupelekeana sahani, akukutanishe na wema ukautambua ungali mlangoni, na pale utakapokosea akujaalie rafiki wa kukushika mkono mwende pamoja kuomba radhi. Amin.