Sailensa ya Kuazimana

Usiku ule sikupata usingizi, nikimsubiri rafiki wa mwanangu arudishe sailensa, kile kifaa cha kuzima mngurumo wa gari. Polisi walikuwa wamemwandikia mwanangu faini nyingine kwa kelele za ekzosi, bomba la moshi, na safari hii walimtaka apeleke gari asubuhi likaguliwe. Likinguruma mbele yao, wanalizuia. Na gari hilo ndilo analosambazia mikate.

Vijana wa mtaa wetu waling'oa sailensa zao wakaziuza kama chuma chakavu, ili magari yapige kelele. Ilibaki moja tu, ya mwanangu. Anayeitwa na polisi huifunga, hukaguliwa, kisha humpa mwenzake. Nilipowakanya waliniita Mama Presha.

Kulipokucha nilimwacha mwanangu amelala chini ya gari, spana mkononi, nikaenda kwa huyo rafiki yake. Mama yake alichungulia dirishani.

"Mwenzangu, kijana yupo? Tumefuata sailensa."

"Ametoka na gari tangu alfajiri."

Lakini gari nililiona kwenye upenyo wa geti, limewashwa lakini halingurumi, limetulia kama la mchungaji.

"Si hilo hapo?"

"Naye kaitwa leo, dada. Unataka nifanyeje?"

"Sailensa ile ni ya mwanangu. Na huyu wako kala kwangu tangu darasa la kwanza."

"Najua. Hata wewe ungefanya hivi hivi."

Akavuta pazia. Niligonga mlango mpaka vidole vikauma. Ndani nilisikia komeo likisukumwa, na mlango haukufunguliwa.