Chemchemi Iliyosemeshwa Kiswahili

Nilikuwa mtoto wa darasa la pili mama alipoanza kujikuna kwa gunzi la mahindi. Vipele vilianzia kwenye michirizi ya tumbo lake, mimba ikiwa ya miezi saba hivi, vikateremka mapajani, vyekundu, vimevimba kana kwamba amepita kwenye upupu. Kutwa tulisikia gunzi likifanya kazi, na kitenge chake kilikuwa na madoa ya damu.

Mwaka huo tulikuwa tumehamia kijiji kipya cha ujamaa chini ya mlima Hanang, nyumba zimepangwa mistari kama madawati. Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi. Mikutanoni aliupiga vita ushirikina kwa sauti kubwa. Nyumbani mama yake mzazi, bibi yetu, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafanya alichotaka.

Nesi wa zahanati, mwanamke wa Tanga aliyeitwa Zuhura, alimpaka mama dawa ya pinki, akamkata kucha, akamnyang'anya gunzi. Bibi aliyakubali yote matatu na kuongeza yake: aliondoa blanketi la sufu, akamlaza mama juu ya kanga kuukuu, akawa anamwosha kwa maji ya uji mwepesi yaliyopoa. Muwasho ulipungua. Haukuisha.

"Wenye maji ndio wanaomwasha," bibi alisema mbele ya nesi. Kwa wazee wetu Wairaqw, kila chemchemi ina wenyewe wasioonekana, na sisi tulikuwa tumeanza kuchota ya kijiji kipya bila hata hodi. "Wanamwasha hivi kwa sababu amebeba wawili na anasema mmoja. Hawapendi kufichwa."

"Mama, nimesikiliza tumbo mara mbili," Zuhura alijibu kwa upole. "Moyo ni mmoja."

"Basi mwingine yuko mgongoni kwa mwenzake. Wewe mwanangu hujawahi kujificha?"

Zuhura alicheka. Baba hakucheka. Kama ni mmoja, mama angejifungulia pale pale zahanati. Kama ni wawili, Zuhura mwenyewe alikiri, ilibidi afike hospitali kabla ya uchungu, na hospitali ilikuwa safari ya siku nzima kwa lori, likipatikana.

Siku ya shamba la kijiji, watu wote wakipalilia, bibi alinichukua mchana kweupe mpaka chemchemini, na kibuyu cha maziwa na majani mabichi mkononi. Akavua viatu vyake vya matairi. Mimi sikuwa na vya kuvua. Alisema na maji kwa Kiiraqw, muda mrefu, kama mtu anayeongea na mkwe. Kisha akakohoa, akaanza upya kwa Kiswahili chake cha kuungaunga: "Ndugu wenye maji. Sisi wageni. Tuliletwa."

"Bibi, mbona Kiswahili?"

"Hii ni ya serikali sasa. Nani ajue wanasikia lugha gani."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Maana alimimina maziwa, akasubiri weupe utawanyike, akamimina tena, na kila mara alisema kwa sauti ya mtu anayewatambulisha watoto anaowajua: "Huyu. Na huyu." Maji hayakufanya lolote. Hata hivyo sikuwa na hakika tena kwamba pale tulikuwa peke yetu.

Jioni akamwambia baba atafute lori.

"Mama, mimi ni balozi. Watu nitawaambia nini?"

"Wadanganye. Si umezoea?"

Lori la ushirika lilipopita na magunia, balozi wetu alimwambia dereva kwamba mkewe ana homa kali. Mama akapanda mbele, tumbo kwanza. Bibi akapanda juu ya magunia.

Wiki tatu baadaye, hospitalini, alizaliwa Anselmi. Halafu akatoka Petro, miguu mbele, rangi ya majivu, kimya. Daktari alihangaika naye mpaka akalia. Vipele vya mama vilinyauka siku chache baadaye. Zuhura alipopata habari alikuja hadi kwetu, akapiga goti mbele ya bibi, akasema shikamoo, akasema shikamoo tena.

Chuo kikuu nilisoma kwamba ngozi inayovutwa na mapacha huwashwa kuliko nyingine. Nilitembea na furaha hiyo miezi mingi. Kisha nikapata mimba yangu mwenyewe, nikawashwa mpaka nikalia, akatoka mtoto mmoja tu, mnene, asiye na habari. Kwa hiyo sitajifanya kwamba bibi alikuwa na sayansi yake. Lakini ile "Huyu. Na huyu" sijaipatia mahali pa kuiweka, na nimeacha kutafuta.

Nilimuuliza siku moja, akiwa ameshazeeka sana, alijuaje.

"Sikujua," alisema. "Niliona tu."

"Na kama angekuwa mmoja?"

"Wangenicheka kijiji kizima, mpaka nife. Kwani kicheko kinaua?"

Nina shahada mbili. Sijawahi kukubali kuchekwa kiasi hicho kwa ajili ya mtu ambaye hajazaliwa.